Waliojibu Kitandani

"Nani alikuwa akiligonga dirisha hili kwa nje?"

Fundi Entwistle aliuliza hivyo Jumamosi asubuhi, akiwa amelishika dirisha la zamani la chumba cha juu kama mtu aliyebeba sinia, amelielekeza kwenye mwanga. Kwenye kona ya chini ya kioo, upande wa nje, palikuwa na vidoa vya kukwaruzwa, mamia kwa mamia, vimerundikana mahali pamoja kana kwamba mtu amekaa miaka akikidonoa kioo kwa ncha ya sindano. Na chumba chenyewe kiko ghorofani. Anayetaka kukifikia kioo kile kutoka barabarani angehitaji ngazi, au mkono wa mita nne.

Hakuna aliyemjibu. Mwenye nyumba, Des Haigh, alikuwa kwenye simu akicheka na mtu. Mkewe Lorna alikuwa anapanda ngazi na vikombe vya chai. Alilisikia swali, akadhani ni mzaha wa mafundi. Binti yao Edie, mwenye miaka sita, alikuwa sebuleni anatazama katuni, mdomo umejaa yai la chokoleti la Pasaka. Fundi alingoja kidogo, akaona hana wa kumjibu, akaliegemeza dirisha ukutani pamoja na mengine, kazi ikaendelea.

Jumamosi ile haikuchaguliwa kwa bahati. Safu ya Garside ni nyumba kumi na nane zilizoshikana ukuta kwa ukuta, zilizojengewa wafanyakazi wa vinu vya pamba vya Holmeclough, na mtaa mzima umehifadhiwa. Huwezi kubadili hata rangi ya mlango bila kuandika barua. Na kuhusu madirisha ya mbele halmashauri ilikuwa imeshaandika, kwa maneno ambayo hata mtoto angeyaelewa: yawe ya mbao, ya kupandisha na kushusha, na kile kipande cha chini kiweze kupandishwa mpaka juu, mtu aweze kutoa kichwa nje. Barua hiyo Des alikuwa nayo kwenye droo. Alichofanya ni kungoja wikendi ya Pasaka, maofisa wote wakiwa kwao wanaosha magari, ndipo akaleta mafundi na madirisha ya plastiki yenye vioo viwili, yaliyobandikwa vijiti vyeupe ili ukiyaona kwa mbali udhani ni ya zamani. La chumba cha Edie halikufunguka kabisa, isipokuwa kidirisha kidogo cha juu.

Tuwe wakweli lakini. Hoja ya Des ilikuwa na miguu miwili, na Lorna hakuweza kuuvunja hata mmoja.

"Mtoto anakohoa kuanzia Oktoba mpaka Aprili," Des alisema. "Pazia linacheza dirisha likiwa limefungwa. Halafu nikamwombe ruhusa mtu mwenye karatasi? Ni madirisha tu, Lorna."

Lorna akakubali. Ni vizuri kulisema hilo mapema, kwa sababu baadaye ilikuwa rahisi kumtupia Des kila kitu. Alikubali, ingawa miaka miwili nyuma alikuwa amekaa kando ya kitanda cha mama mkwe wake, mama Agnes, akamshika mkono, akaahidi.

"Dirisha la mbele juu," mama Agnes alikuwa amemwambia, pumzi zikimkatika. "Ulifungue kila alfajiri. Toa kichwa, utazame barabara yote mpaka mwisho, ndipo ufunge. Usiniulize kwa nini, mwanangu. Hata mimi sikuambiwa."

Kwa miaka miwili Lorna alifanya hivyo, kuwe na theluji kusiwe, akienda zamu yake ya mapema kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Majirani walimcheka. Wao walikuwa na desturi nyingine: mtu wa Garside akiamka, kabla hata ya kufungua macho sawasawa, huinua mkono na kukigonga kioo cha dirisha kwa konzi mara mbili. Ko, ko. Ukiwauliza wanasema ni ya bahati. Des alizaliwa nayo. Walipokwenda fungate Hispania, asubuhi ya kwanza kule hotelini alikigonga kioo mara mbili kabla hajamsalimu bibi harusi.

Mafundi walipoondoka, mzee Sugden wa namba nne alisimama barabarani na fimbo yake akiitazama namba tisa, nyumba ya akina Haigh.

"Plastiki kwenye Safu hii," alisema, "ni sawa na kumvalisha maiti kandambili."

"Nenda ndani, mzee," Des akamwambia. "Au kanishtaki."

"Nimeshakushtaki. Tangu mlipoanza kupakua."

Usiku ule nyumba ilikuwa na joto na kimya. Kimya cha ajabu, Lorna aliona. Kama mtu kawaziba masikio kwa viganja. Kupambazuka kwa Jumapili aliamka kwa mazoea, akanyata mpaka chumba cha Edie, akafika dirishani na mkono umekwisha inuka, ndipo akakumbuka kwamba hapakuwa na cha kufungua. Akatazama nje kupitia kioo. Taa ya barabarani, mawe yenye barafu, hakuna mtu. Akarudi kulala na kitu kama mwiba kifuani.

Wakati wa chai Edie alisema, "Kuna bibi alinigongea."

"Bibi gani, kipenzi?"

"Wa nje. Ana kijiti kirefu. Alinigongea dirishani, na mimi nikamgongea." Akainua konzi lake dogo lenye siagi, akaonyesha hewani. Ko, ko. "Kama baba."

Des akacheka. Lorna alitaka kucheka naye.

Jumatatu Edie aliamka saa sita mchana. Walisema ni chokoleti, ni likizo, mwache apumzike. Jumanne aliamka saa tisa alasiri, uso umevimba kwa usingizi, akasema bibi amekuja tena, akalala mezani kichwa kikiwa kando ya sahani. Na chumba kile, ambacho sasa hata unyoya usingepata pa kuingilia, kilianza kunuka. Moshi wa makaa ya mawe. Sufu iliyolowa. Na chini yake kitu kingine, chenye ladha ya chuma, ambacho Lorna alikijua kutoka kazini na hakutaka kukitaja.

Jumanne hiyo ndiyo aliyokuja ofisa wa majengo ya hifadhi, Bibi Pickersgill, mwanamke mwembamba aliyevaa buti za mvua na sura ya mtu asiyekunywa chai ya anayemkagua. Alipanda moja kwa moja mpaka chumba cha juu, akapitisha kidole kwenye fremu.

"Hili halifunguki, Bwana Haigh."

"Lina kidirisha pale juu."

"Hicho anapita paka. Masharti yanasema kichwa."

"Kwa nini kichwa?" Lorna aliuliza kutoka mlangoni, kwa sauti ya chini kwa ajili ya mtoto aliyelala.

Bibi Pickersgill alimtazama kwa mara ya kwanza. "Sijui," alisema. "Masharti ya nyumba hii ni ya zamani kuliko ofisi yangu. Ninalo faili, sijawahi kulifungua mpaka chini." Kisha akainama karibu na kioo. "Na mafundi wenu wamewauzia kioo kibovu. Oneni."

Kwenye kona ya chini palikuwa na vidoa vya kukwaruzwa, kama thelathini. Lorna alipitisha ukucha upande wa ndani: kioo laini. Wakafungua kidirisha, Des akapitisha mkono, akapapasa upande wa nje: kioo laini. Vidoa vilikuwa katikati, baina ya kioo na kioo, mahali palipofungwa kiwandani ambapo hata pumzi haifiki. Des alisema ni gesi imevuja. Alilisema mara mbili.

Jumatano Edie hakuamka.

Walimwita, wakamwinua, wakampangusa uso kwa maji baridi, Des akamtikisa mpaka Lorna akamshika mkono amwache. Hospitalini walimpima damu, walimpima kichwa, walimtoboa mgongo, na kila karatasi iliyorudi ilikuwa safi. Daktari kijana akasema, kama mtu anayeona haya, "Amelala tu, mama. Hatujui zaidi ya hapo."

Lorna alikesha kwenye kiti. Ilipofika saa kumi na moja kasoro dakika kumi, na wodi yote imetulia isipokuwa mashine moja inayohema mbali, alisikia kitu kikigusa dirisha la ghorofa ya tatu, chepesi, kikavu, kama punje za mvua ya mawe zinazorushwa na mtu mwenye subira, chik-chik-chik, kisha kimya cha kungoja, kisha tena, na akageuza kichwa polepole kwa sababu mwili wake haukutaka kugeuka, akaona nchani mwa ufito mrefu usio na mwisho vinyaya vinne vya chuma vikikichezea kioo, na kabla hajaweza hata kuvuta pumzi ya kupiga kelele aliusikia mlio mwingine ndani ya chumba, karibu naye, juu ya kitanda: konzi la mwanawe aliyelala fofofo limeinuka lenyewe kutoka kwenye shuka na kuupiga ubao wa kitanda mara mbili.

Ufito ukaondoka. Ile harufu ikabaki.

Asubuhi hakumpigia kasisi wala daktari. Alimpigia Bibi Pickersgill.

"Lile faili," alisema. "Lifungue mpaka chini."

Alikuja nalo hospitalini alasiri ya Alhamisi, faili lenyewe likiwa kwenye mfuko wa dukani. Wakakaa kwenye korido, karibu na mashine ya kahawa. Bibi Pickersgill hakuwa tena na sura ya mkaguzi.

"Zamani, kabla watu maskini hawajamiliki saa," alianza, "kulikuwa na mwamshaji. Anapita alfajiri na ufito wenye nyaya nchani, anagonga madirisha ya juu, watu wasichelewe kinuni. Anayegongewa anajibu kwa konzi mara mbili, maana yake nimesikia, nenda zako. Wa Safu ya Garside aliitwa Keziah Thorp. Mwaka 1891, mwezi huuhuu, mtu alimfuata gizani akamchoma kisu pale kwenye nyumba ya kwanza. Muuaji hakupatikana mpaka leo." Akafungua karatasi. "Yeye hakuweza kupiga kelele. Kisu kilikuwa hapa." Akagusa chini ya koo. "Lakini alikuwa na ufito."

Lorna akaisogelea karatasi.

"Alitembea Safu nzima, nyumba baada ya nyumba, akigonga. Haya ni maneno yao mbele ya hakimu aliyechunguza kifo. Namba mbili: 'Nilimsikia. Saa yake ilikuwa bado. Nikajibu mara mbili, nikalala.' Namba sita: 'Nikajibu kama kawaida.' Namba kumi na mbili: 'Nilidhani mwanamke kakosea saa, nikajibu ili aniache.' Nyumba kumi na nane, Lorna. Wote walimsikia. Kumi na saba walijibu."

"Na namba tisa?"

"Namba tisa, mume: 'Mke wangu alifungua dirisha akatoa kichwa, akasema kuna mtu chini. Nikamwambia afunge, baridi inaingia.' Mke: 'Alinitazama. Alisema, shukeni. Midomo tu, bila sauti. Alisema mara moja.'"

Korido ilikuwa na mwanga mwingi na watu wanaopita na maua.

"Mwaka huohuo watu watano wa Safu walilala wasiamke. Ndipo wakaandikiana hati. Dirisha la namba tisa lifunguke daima, na mwanamke wa nyumba hiyo atoe uso kila alfajiri, ili Keziah atulie." Akafunga faili. "Halmashauri ilipohifadhi mtaa, mtu alilinakili sharti bila kuuliza."

Hebu itazameni hati hiyo. Watu wa nyumba kumi na nane wamemwacha mwanamke afe mlangoni kwao, na walipoanza kuogopa hawakuahidi kwamba siku nyingine watashuka. Hapana. Waliahidi kutazama. Na hata huko kutazama wakamwachia mwanamke mmoja wa nyumba moja, awatazamie wote, karne na zaidi, mama kwa mkwe, mama kwa mkwe, bila kumwambia kwa nini. Wao wenyewe wakabaki na lile konzi la kitandani, wakaliita bahati, wakalifundisha watoto.

"Hakuomba kutazamwa," Lorna alisema. "Alisema washuke."

"Mimi si mtu wa mizimu," Bibi Pickersgill akanong'ona. "Nina mamlaka juu ya mbao na vioo tu."

"Basi njoo kwa ajili ya vioo."

Jioni ile Lorna alipita nyumba hadi nyumba, zote kumi na saba. Hakuwaambia habari za mzimu. Aliwaambia kitu kidogo kiasi kwamba hakuna mtu mwenye moyo angekikataa. Kesho saa kumi na moja kasoro kumi alfajiri, ukisikia dirisha linagongwa, usijibu. Shuka. Simama barabarani dakika tano, kwa ajili ya Edie. Na wote waliahidi. Walimkumbatia. Doreen wa namba kumi na mbili alilia, akampa pai ya nyama na viazi bado ya moto.

"Dakika tano tu, mpenzi? Hata saa nzima. Tutakuwa wa kwanza."

Mzee Sugden hakumkumbatia. "Nimesikia," alisema, akafunga mlango.

Kisha Lorna akampigia Des, ambaye ilikuwa zamu yake kukaa na mtoto. "Kioo kikigongwa, usijibu."

"Ghorofa ya tatu, Lorna. Nani atakigonga?"

"Des. Hata ukiwa nusu usingizini. Usijibu."

"Sawa, mpenzi," alisema, kwa sauti ileile aliyosemea kwamba ni madirisha tu.

Ijumaa, saa kumi na moja kasoro robo, Lorna na Bibi Pickersgill walikuwa wamesimama katikati ya barabara, mvuke wa pumzi zao umening'inia mbele ya nyuso. Barafu ilikuwa imepaka mawe yote. Milango ilikuwa imefungwa. Lorna akajiambia wako ngazini, wanatafuta viatu, wanavaa makoti. Watu huchelewa, si wabaya.

Ilianza upande wa namba moja. Kwanza ile harufu, makaa na sufu mbichi na chuma, ikija polepole bila upepo. Kisha mlio wa mitalawanda, viatu vya mbao vilivyopigwa chuma chini, hatua moja, kuburuta, hatua moja, kuburuta. Kisha vile vinyaya juu ya kioo, chik-chik-chik, na Lorna akakaza masikio angojee mlango ufunguliwe, kitasa kizunguke, mtu atoke hata na nguo za kulalia, na kutoka nyuma ya pazia la namba moja akasikia, safi kabisa katika baridi ile, konzi mbili: ko, ko.

"Hapana," Lorna alisema.

Namba mbili, chik-chik-chik. Ko, ko. Namba tatu. Ko, ko.

Akakimbia. Akapiga milango kwa viganja, akaipiga kwa miguu, "Shukeni, mliahidi, shukeni," na taa zikawaka huku na kule, pazia likasogea, mtu akamwonyesha kidole gumba kupitia kioo kana kwamba anamwambia tumekusikia, usijali, taa ikazimwa. Na nyuma yake ufito ukiwa unasonga mbele nyumba kwa nyumba bila haraka, na nyumba kwa nyumba konzi zikijibu, tano, sita, saba, na Doreen aliyelia jioni, Doreen wa pai, alitokeza mkono mweupe baina ya mapazia kabla hata hajagongewa, akakigonga kioo mara mbili kumwelekea Lorna mwenyewe, kama mtu anayemfukuza paka, na mkono ukarudi ndani.

Mlango mmoja ulifunguka. Mzee Sugden alitoka na nguo za kulalia, ndara na fimbo, akiteleza juu ya barafu.

"Nilisema nimesikia," alisema, akihema. "Yuko wapi?"

Hapo Lorna akageuka na kumwona. Alikuwa amefika namba tisa. Mwanamke mfupi, wa umri wa Lorna tu, aliyejitanda shali ambalo upande mmoja lilikuwa jeusi na zito kwa kulowa, amesimama chini ya dirisha la Edie lisilofunguka, na mikono miwili ikiinua ufito kwa taabu, kama mtu anayeinua ndoo ya mwisho ya siku. Lorna alitaka kukimbia. Miguu yake yote miwili ilitaka. Akamkumbuka Edie, konzi lake dogo likiinuka lenyewe, akaenda, akasimama baina ya ufito na nyumba yake.

"Nimeshuka," alisema. "Keziah. Nimeshuka."

Ufito ukashuka polepole. Macho ya yule mwanamke hayakulainika. Hilo ndilo Lorna alilowaambia watu baadaye, kwamba msidhani alishukuru. Alimtazama Lorna kama mtu anavyolitazama gari moshi lililochelewa. Kisha akamwangukia, na alikuwa na uzito, uzito wa mtu halisi, na ubaridi wa ukuta wa kisima, na kitu cha uvuguvugu kikaanza kushuka kwenye mikono ya Lorna mpaka viwiko. Mzee Sugden akamshika miguu. Bibi Pickersgill akavua koti lake, akalikunja, akaliweka chini ya kichwa kile juu ya mawe. Wakakaa naye.

Naye hakuwatazama wao. Alitazama madirisha. Alianza namba moja, akaenda moja baada ya jingine, midomo ikicheza bila sauti, kama mwalimu anayeita majina. Akipita namba nne akaliruka, akipita namba tisa akaliruka, na mengine yote akayataja, na hata yale ambayo hakuwa ameyagonga yakamjibu kwa konzi mbili. Alipofika mwisho wa Safu alimgeukia Lorna, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, na tabasamu lile halikuwa la msamaha.

Kisha palikuwa na koti tu, na mawe yaliyoyeyuka barafu kwa umbo la mtu.

Simu ya Lorna ikalia mfukoni. Alikuwa muuguzi.

"Ameamka," alisema, akicheka na kulia. "Amekaa kitandani, anaomba mkate wa siagi." Kisha sauti ikashuka. "Lakini uje haraka, mama. Tuna shida kidogo na mume wako."

Lorna alimkuta Des kando ya dirisha. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo, amelala huku amesimama, na mkono wake wa kulia ulikuwa bado umeinuliwa, konzi limegusa kioo.

"Nilipoamka bibi alikuwa anagonga," Edie alisema, makombo ya mkate midomoni. "Nikamwambia baba usijibu. Akasema nilale."

Kule Garside, saa za kuamshia zilianza kulia saa kumi na mbili, nyingine saa moja, zikalia ndani ya nyumba kumi na sita mpaka betri zikachoka, na hakuna pazia lililofunguliwa. Mzee Sugden ndiye aliyeita magari ya wagonjwa. Aliyahesabia milango kwa fimbo yake, mmoja mmoja, nao wakatolewa kwenye machela, nyuso zimetulia, mashavu mekundu, kama watu waliopata usingizi mzuri.

Wako hai. Wamewekwa wodi moja, pamoja na Des, na wauguzi huwageuza ubavu kila saa mbili wasitoke vidonda. Saa kumi na moja kasoro dakika kumi alfajiri konzi zote huinuka kwa pamoja na kupiga vyuma vya vitanda mara mbili. Wauguzi wa zamu hiyo hawadumu.

Kesho yake Lorna alisimama barabarani alfajiri, kwa ajili ya Des. Na keshokutwa. Alisimama mpaka Juni. Hakuna aliyekuja. Keziah Thorp alikuwa amekwisha pata alichokitaka kutoka Safu ya Garside.

Ndugu za waliolala huja kutoka Leeds na London, watu wazuri, wenye maua, na humkuta Lorna amekaa kando ya kitanda cha mumewe. Wanamuuliza kama kuna namna yoyote ya kuwaamsha.

"Kulikuwa na namna," huwajibu. "Ilikuwa ya dakika tano."

Na wewe uliyesikiliza mpaka hapa, nakuomba jambo moja tu. Mtu akikugongea, usimjibu ukiwa kitandani. Shuka ukamfungulie mlango.